Ya Kwanza ni ya Mpishi

Chapati ya kwanza kutoka kwenye kikaango aliila yeye mwenyewe, amesimama, mbele yako. Hata ungekuwa na njaa ya kuanguka, hata mtoto awe analia, ya kwanza ilikuwa yake. Aliimega, akatafuna polepole huku anakutazama, akameza, ndipo akasema, "Haya, kaa chini." Kuna waliosema ni uroho wa mzee asiye na watoto. Wengine walisema ni ile desturi ya zamani, kwamba anayekupa chakula huonja kwanza ili ujue hakina kitu. Mimi nilimuuliza siku moja. Akanijibu, "Ya kwanza ni ya mpishi. Ikiwa mbaya, iharibu tumbo langu, si lako."

Sisi wote wa upande ule wa Keumbu tulimwita Magokoro, ndiyo nyanya kwa Kikisii. Jina lake lenyewe sitaliandika. Majina nitakayoandika ni ya wengine, na hao sitawaficha, kwa sababu wamefichwa vya kutosha. Polisi walipouliza ni nani aliyechoma jiko lake, kila mtu alijibu, "Ni umati." Umati hauna uso, hauna mke, hauna shamba linalopakana na la mtu. Lakini mimi nilikuwa ndani ya lile jiko, na nyuso niliziona.

Alikuwa Ombati, shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu. Alikuwa Kerubo, mke wa Ombati. Alikuwa Nyambane, mwenye kibanda cha mandazi pale barabarani. Wengine walikuja kwa sababu hao watatu walikuja.

Nilienda nikawataja kwa chifu. Chifu akanisikiliza, akasema mdomo mmoja hautoshi, na zaidi ukiwa mdomo wa mjane aliyegombana na shemeji yake. Akasema anamtaka mwenye nyumba mwenyewe aje aseme ni nani. Kwa hivyo jambo zima likabaki kwa Magokoro: akisema, watashikwa, akinyamaza, ni umati. Nitafika hapo. Kwanza mumjue.

Alikuwa nyanya wa kila mtu na hakuwa nyanya wa mtu. Mume wake alikufa bila kumwachia mtoto, akamwachia shamba, na shamba lile lilikuwa zuri kupita kiasi: majani chai upande wa juu, migomba upande wa mto, na barabara mbele. Lilikaa katikati, kati ya shamba la Ombati na lami. Ombati akitaka kufika barabarani alipita kwake, na kila akipita aliangalia ile migomba kama mtu anayeangalia nguo yake iliyovaliwa na mwingine.

Alikuwa Msabato wa kweli, na alikuwa mvuta ugoro. Hayo mawili aliyabeba pamoja bila shida. Ugoro aliufunga kwenye pindo la leso, na siku ya Sabato aliuacha nyumbani ndani ya sufuria, juu ya dari. Lakini pua yake ilikuwa haijui siku. Kanisani, watu wakiwa wameinama kuomba, yeye alipiga chafya tatu mfululizo mpaka mzee wa kanisa akanyamaza. Tukitoka nje namwambia, "Magokoro, leo umetuaibisha." Ananiambia, "Roho ana milango mingi. Kwangu anaingilia puani."

Nyama hakula. Maziwa hakunywa, na yai hakugusa. Ukimuuliza anakwambia, "Sili kitu chenye mama." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema hapendi pilipili. Na wakati huohuo alifuga kuku wengi kuliko boma lolote, akauza mayai mpaka kwa hoteli za barabarani. Asubuhi akiokota mayai alimwambia kuku, "Pole mwanangu, wamechukua tena." Wamechukua akina nani, na ni yeye amebeba kikapu? Nilimuuliza hivyo. Akasema, "Kuku hajui kuhesabu watu. Wewe mbona unataka kumfundisha?"

Mdomo wake ulikuwa mkali. Ukienda kuomba chumvi anakuuliza, "Yako ilikufa lini, tuje matanga?" Halafu anakupa, na anakuongezea kitunguu. Kuna mwenye bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alimpigia honi nyuma yake barabarani, Magokoro akaruka kando. Alimgeukia akamwambia, "Mpigie honi mama yako, mimi nasikia." Yule mtu alicheka karibu aanguke na pikipiki, na tangu siku hiyo alimbebea mayai yake sokoni bila kumwitisha kitu. Mkumbukeni huyo, ndiye peke yake aliyesimama baadaye.

Sasa niseme juu ya asubuhi.

Mtoto wangu Moraa, alipokuwa mdogo, tumbo lilikuwa linamvimba kama ngoma na miguu inabaki mikavu kama kuni. Anakula na anakonda. Nilimpeleka kwa waombaji, nikampeleka kwa mwenye dawa za miti, mwisho nikampeleka hospitali mjini Kisii. Daktari, mama mpole, alimpima damu, akaniita, akaniambia tumbo la huyu mtoto halipatani na ngano. Asile mkate, asile mandazi, asile chapati, hata kipande cha kuonja. Na maziwa tuyaache kwanza mpaka tumbo lipone. Mayai nilijua mwenyewe, alikuwa anayatapika.

Nikatoka pale nikijua asile nini, sijui ale nini. Mchana na jioni si shida, kwetu kuna sima ya wimbi, kuna ndizi, kuna mboga. Lakini asubuhi kwetu ni chai ya maziwa na mandazi, ama mkate, ama chapati. Nilimpa viazi mpaka akavitema. Nilimpa uji mpaka akiona kikombe analia. Anakaa mlangoni anatazama watoto wa Ombati wakipita na mandazi za Nyambane, mafuta yanang'aa kwenye vidole, na anameza mate. Mtoto akimeza mate mbele yako kila asubuhi, wewe mama unameza nini?

Nikamweleza Magokoro, si kwa kuomba kitu, ni kulia tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hana yai, hana maziwa. Kumbe mtoto wako ni mimi. Imebaki kutoa ngano tu."

Yeye siku zote alipika chapati za maji, zile nyembamba za kumimina, na alizipika bila yai wala maziwa kwa sababu ya ule mwiko wake. Lakini alitumia unga wa ngano. Sasa akaanza kujaribu wimbi. Unga wa wimbi, maji, chumvi. Akimimina, chapati inashika vizuri. Akigeuza, inapasuka kama udongo wa Januari. Alijaribu kuongeza muhogo, ikawa mpira. Alijaribu mtama, ikawa vumbi. Zilizoharibika walipewa kuku. Mwezi ule kuku wake walinenepa wakashindwa kuruka, na Magokoro anawaambia, "Kuleni, kuleni, mnalipwa mayai yenu."

Ilipokubali, ilikubali kwa ndizi. Siyo ndizi mbivu, ni ile ya kupika. Aliichemsha mpaka ikalainika, akaiponda na mwiko mpaka ikawa laini bila bonge, akachanganya na unga wa wimbi na maji, ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Akautia kwenye chungu, akafunika na jani la mgomba, akaulaza usiku kucha pembeni ya mafiga. Alisema unga una haki ya kulala kama mtu. Asubuhi ukiufunua umeumuka, una povu, una harufu ya uchachu mtamu, viputo vinapanda na kupasuka. Hapo unatia chumvi, kitunguu kilichokatwa kidogokidogo, na chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyochemshwa ikakamuliwa.

Kikaango chake kilikuwa cha chuma, kizito. Mafuta hakumimina. Alikata kitunguu katikati, akakichoma na kijiti, akachovya kwenye mafuta na kupaka kikaango nacho. Kile kitunguu kikigusa chuma kinalia, na harufu yake inatoka nje mpaka barabarani. Anamimina upawa mmoja, anazungusha mkono, unga unatambaa mpaka pembeni. Unangoja mpaka vitundu vitokee juu. Hapo anapitisha mwiko chini na kugeuza, na inageuka nzima, nyeusi yenye wekundu, nyembamba mpaka ukiinua unaona mwanga.

Ya kwanza alikula yeye. Ya pili akampa Moraa. Moraa alikula amefumba macho, halafu akasema, "Magokoro, hii ni chapati kabisa." Magokoro akageuka ukutani kama anayetafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Basi kila asubuhi tukawa tunavuka kwenda jikoni kwake, hata Jumamosi. Msabato huyu, ambaye siku ya Sabato hakuwasha moto hata wa kuchemshia chai yake, alimwashia Moraa. Mzee wa kanisa alipomuuliza alimjibu, "Moto umewashwa na mtoto. Mimi nimekaa tu karibu nao." Tumbo la Moraa likashuka. Miguu ikajaa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaruka kamba.

Na watu wakaanza kuja. Mwanzo kutazama, halafu kuonja, halafu wakawa ni wateja. Wafanyakazi wa majani chai walipitia pale alfajiri. Ombati alikuja. Kerubo alikuja na leso yake amejifunga kama anaenda harusini. Nyambane mwenyewe, ambaye mandazi zake zilianza kulala kwenye sinia, alikuja kwa mlango wa nyuma, anakula haraka, anajipangusa mdomo kwa kiganja. Magokoro alimwambia, "Nyambane, kula kama mtu mwenye nyumba. Chapati haikushtaki."

Lakini kwetu mtu akipona, watu hawaulizi alipona vipi. Wanauliza alifungwa kwa uchawi na nani. Nilianza kulisikia kisimani, nikalisikia sokoni: aliyefungua ndiye aliyefunga. Mbona mtoto amepona kwa chakula cha huyu tu? Mbona anakula ya kwanza yeye, anakinga nini? Mbona anawasha moto Sabato? Mbona anaongea na kuku? Yule mzee wa kanisa aliyajua maneno haya yote na hakusimama siku moja kuyakataa. Ugonjwa wa ngano, nikiwaeleza, walicheka. Ombati aliniambia, "Shemeji, mimi nimekula mkate miaka yote, mbona sijavimba? Hospitali imekudanganya."

Siku moja Ombati alikuwa na sherehe, walikuja wageni wa kuposa binti yao. Moraa alienda kucheza na watoto. Siku ya tatu tumbo lilivimba, akaharisha mpaka akalegea. Nikamuuliza umekula nini, akakataa kusema. Keumbu nzima ikajua Moraa amerudia. Na watu wakasema, unaona, amemfungua, sasa amemfunga tena, anataka nini huyu mzee.

Jumapili asubuhi nilimbeba mgongoni nikaenda kwa Magokoro, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine angeweza kula. Tukiwa tumekaa jikoni, Magokoro anapaka kikaango, akamuuliza bila kugeuka, "Moraa, mandazi ilikuwa tamu?" Mtoto akaanza kulia. Akasema ni Kerubo aliyemwita nyuma ya nyumba siku ya sherehe akampa mandazi mbili, akamwambia, "Kula, mama yako anakunyima raha, na usimwambie." Sijui kama Kerubo alimpa kwa huruma au kwa kumjaribu. La kumpa ningemsamehe. Lakini alijua, akasikia watu wakisema mtoto amelogwa, na akanyamaza.

Magokoro alikuwa ameshakula ya kwanza. Ya pili ilikuwa kwenye kikaango. Hapo ndipo tukasikia miguu.

"Magokoro, toka nje." Ilikuwa sauti ya Ombati.

"Chapati haijaiva, Ombati. Ingia ukae."

"Leo hatukuja kula."

"Basi mmeamka mapema bure."

Nyambane aliinama akaingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, kwa sababu alijua kinapokaa, akavuta lile jani la mgomba akalitupa. Unga ulikuwa umeumuka, viputo vinapanda, vinapasuka. Akakibeba mpaka mlangoni akawaonyesha watu. "Tazameni. Kinachemka, na hakina moto."

Hapakuwa na boma hata moja pale lisilo na uji uliochacha. Kila mmoja wao alilelewa na mama aliyelaza unga usiku na kuufunua asubuhi una povu. Asubuhi ile hakuna aliyemkumbuka mama yake.

Nikasimama na Moraa mgongoni. "Nyambane, huo ni wimbi na ndizi. Umeula juzi, umesimama hapo hapo."

Hakuniangalia.

Nikamwona Kerubo kwenye lango, ameziba mdomo kwa leso. Nikamwita, "Kerubo, waambie ulimpa mtoto nini."

Akatoa leso mdomoni. "Nilimpa mandazi, Mama Moraa. Tangu lini mandazi ikaloga mtu?"

Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichochoma nyumba, kiberiti kilikuja baadaye. Mtu anayecheka na wenzake hawezi tena kurudi nyumbani peke yake.

Nyambane alitoka. Ombati akavuta mlango akaufunga kwa waya kutoka nje. Nyambane ndiye aliyemwaga mafuta ya taa, nilimwona kwenye ufa wa mlango, dumu lilikuwa lake, la kibandani kwake, nililijua kwa kizibo chake cha gunzi la mahindi. Jiko lilikuwa la nyasi. Nakumbuka nilisikia harufu ya ile chapati ya pili ikiungua kabla sijasikia harufu ya paa, na nikafikiri, mtu aigeuze.

Nilivunja ukuta wa nyuma kwa mchi, ulikuwa wa udongo na fito zilizooza. Nilimsukuma Moraa nje nikarudi ndani. Magokoro alikuwa mlangoni. Mlango ulikuwa umeshika moto na yeye ameuegemea kwa viganja vyote viwili, anausukuma, na anawaita. Hakuwa anapiga kelele. "Ombati. Kerubo. Nyambane." Vile unavyoita watu waje kula. "Ombati. Kerubo. Nyambane." Nilimvuta kwa leso, ule ugoro ukamwagika. Nyasi za paa zilinidondokea mkono huu wa kulia kutoka begani mpaka hapa, na mkono huu ndio ninaoandikia.

Kule nje nyuma hakukuja mtu. Walikuwa wote mbele, wanatazama. Yule mwenye bodaboda alitukuta barabarani, akatupakia sote watatu, hakuuliza tumefanya nini.

Baada ya hapo mimi na Moraa tulirudi kwa ndugu zangu Ekerenyo. Magokoro alichukuliwa na binti wa dada yake, mshonaji, mwenye chumba na cherehani pale Masimba. Shamba lake Ombati analitunza, ndivyo anavyosema, analitunza. Anachuma majani chai na kupita katikati ya migomba kwenda lami bila kumwomba mtu njia.

Mimi siku hizi siwezi kukaa na mgongo wangu ukiwa mlangoni. Kitunguu kikigusa chuma cha moto mahali popote, hata hotelini, mkono huu unaniwasha kutoka juu mpaka chini, na naanza kutafuta ukuta wa nyuma uko wapi. Watu husema moto ulizimika siku ile ile. Kwangu huwashwa kila asubuhi watu wakiandaa chai.

Ilipita miaka kabla sijaenda kwa chifu. Aliponiambia anamtaka mwenye nyumba aje Alhamisi, nililaza unga. Wimbi, ndizi, maji. Asubuhi nikautia kwenye mkebe, nikachukua kitunguu, chumvi, chinsaga iliyochemshwa, nikatoka Ekerenyo kwa gari mpaka Masimba na mkebe kwenye mapaja. Unga ulikuwa unaendelea kupanda, nikawa nakishikilia kifuniko.

Nilimkuta amekaa nje ya chumba, kwenye jua, amefunikwa leso mapajani. Mshonaji alikuwa ndani anakanyaga cherehani.

"Bwakire, Magokoro."

"Bwakire, Mama Moraa. Umenenepa."

"Ni uzee."

"Uzee hukondesha. Hiyo ni sima."

Nikacheka, na machozi yakanitoka. Alikuwa yuleyule. Akaniulizia Moraa. Nikamwambia yuko sekondari, amenipita urefu, na ngano hagusi. "Asiguse," akasema. Halafu akatoa mikono chini ya leso ili anisalimie vizuri, na nikaiona. Vidole vilikuwa vimeshikana, vimejikunja ndani kama makucha ya kuku akibebwa. Haviwezi kushika upawa, wala kumega kitu. Mshonaji ndiye anayemlisha.

Nikamweleza ya chifu. Nikamwambia hahitaji kusema mengi. Aseme tu yale majina matatu aliyoita pale mlangoni, kwa sauti ile ile, na arudi nyumbani.

Akatazama mkebe. "Umelaza unga?"

"Nimelaza."

"Nipikie kwanza."

Mshonaji akanipa jiko la makaa na kikaango chembamba cha bati. Nilikata kitunguu katikati nikakichoma na kijiti. Kilipolia kwenye bati mkono uliniwasha, nikauma meno, nikamimina. Ya kwanza ilitoka vizuri. Niliiweka kwenye sahani, nikaimega, nikampelekea mdomoni kwa heshima, kwa sababu ni mzee na ni yeye aliyenifundisha.

Hakufungua mdomo. "Ya kwanza ni ya mpishi," akasema.

Nikafurahi, kwamba hajasahau. Nikala ya kwanza mimi, nimesimama, na yeye ananitazama.

Ya pili ikiwa motoni nikamuuliza tena. "Alhamisi tutaenda? Ukinyamaza, Ombati atazeeka akichuma majani chai yako."

"Ombati anapenda yenye chinsaga nyingi," akasema. "Iliyokauka pembeni."

"Sikukuuliza anapenda nini."

"Kerubo hataki kitunguu kionekane. Nyambane mpikie haraka, anaogopa kuonekana."

"Ndio hao, Magokoro. Hao hao. Nenda useme hivyo hivyo."

"Nikishasema, nitampikia nani?"

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikutaka kuitumia kwake, kwamba hao ndio waliomfungia mlango na waya.

"Nilikuwepo," akasema. Cherehani ikanyamaza ndani. "Wewe una Ekerenyo, una Moraa. Mimi hapa ni mgeni wa mwenye cherehani. Kwangu ni kule. Nikiwataja, nimejifungia mlango mwenyewe."

"Ulishawataja. Nilikusikia."

"Niliwaita," akasema. "Kuita si kutaja."

Nilijua wakati ule kwamba Alhamisi nitaenda peke yangu na mdomo wangu mmoja. Anawangoja. Anakaa kwenye jua la Masimba na mikono isiyoweza kushika kitu, akingoja siku Ombati atakapokuja kumwambia arudi akapike. Hilo sitamwelewa mpaka nife, na sitawasamehe kwa ajili yake, hata kama yeye anataka.

Ya pili ikaiva. Niliigeuza, ikageuka nzima, nikaiinua nikaona mwanga. Nikaimega nikampelekea mdomoni.

Mdomo haukufunguka.

Nikafikiri ni moto, nikapuliza. Nikampelekea tena. Alikuwa hanitazami usoni, anatazama kile kipande, halafu shingo yangu, halafu kile kipande. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa ameniita kwa jina, ameniulizia mtoto wangu. Alinijua mimi ni nani, alijua ni mkono gani uliomvuta kutoka motoni, na ndio mkono huohuo ulioshika chapati mbele ya mdomo wake. Na alikuwa anaogopa.

Walichoma jiko, nikasema ni nyasi. Walichoma mikono, nikasema Mungu anaona. Hiki sikujua kama nacho walikichoma.

Nilirudisha kipande, nikakiuma nusu, nikameza. Alilifuata lile tonge kwa macho mpaka likashuka kooni. Ndipo akafungua mdomo, na nikamlisha ile nusu iliyobaki, na akala kwa njaa.

Nikapaka kikaango. Nikamimina ya tatu, nikangoja vitundu vitokee juu, nikaigeuza. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni na uzi mkononi. Nikaimega. Nikatafuna polepole, mbele yake, huku ananitazama, nikameza.

"Haya, Magokoro," nikamwambia. "Kula."